Faili Hazendi na Laini ni Kali: Jinsi ya Kuchunguza Risiti za TCP

Duka moja la leso pale Biashara Street waliniita kwa malalamiko ambayo nimeshayasikia mara nyingi hapa Mombasa. "Shekhe, laini inakimbia, YouTube haikwami hata kidogo, mbona hii hesabu ya mali haiendi?" Kila jioni karani alikuwa akituma orodha ya mali, mistari kama 1,200, kutoka kompyuta ya kaunta hadi kompyuta nyingine iliyoko stoo, hatua kumi na tano tu nyuma ya pazia. Hapo hapana kebo ya baharini wala kampuni ya intaneti. Ping, yaani kipimo cha muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ilisoma milisekunde 1. Na bado kazi ilichukua dakika nne.

Dakika nne ni sekunde 240. Zigawe kwa mistari 1,200, unapata milisekunde 200 kwa kila mstari. Waya mbovu hutoa nambari za ovyo, leo hivi kesho vile. Nambari ikitoka mviringo namna hiyo, jua kuna saa mahali fulani inayohesabiwa mpaka iishe. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuitafuta saa hiyo, pamoja na mambo mengine mawili matatu yanayoibia laini nzuri kasi yake.

Karani na hamali

Ukituma data kwa TCP, utaratibu wa mtandao unaohakikisha data imefika yote, mpokeaji hurudisha ujumbe mdogo wa kusema "nimepokea mpaka baiti fulani". Mafundi huuita ACK. Mimi nauita risiti, maana ndiyo kazi yake.

Fikiria godauni la Shimanzi. Hamali wanashusha magunia kwenye lori, karani yuko mlangoni na daftari lake. Angeweza kutia alama kila gunia linapopita, lakini mkono utamchoka, kwa hivyo anangoja yapite mawili ndipo atie alama moja. Likipita moja na la pili halionekani, anavumilia kidogo, kisha analiandika hilo hilo moja. Mfumo endeshi wa kompyuta yako unafanya vivyo hivyo. Kanuni ziko kwenye RFC 1122 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya Oktoba 1989: risiti inaweza kucheleweshwa, mradi isifike nusu sekunde, na data ikimiminika itoke risiti angalau moja kwa kila pakiti (kifurushi cha data) mbili kamili. Ndani ya mpaka huo kila mfumo ulijichagulia. Linux huanza na milisekunde 40 na inaweza kufika 200. Windows 7 hungoja 200. Windows za karibuni zimepunguza, na kwenye PowerShell amri Get-NetTCPSetting itakuonyesha muda wenyewe kwenye mstari wa DelayedAckTimeout.

Si uvivu. Mara nyingi programu iliyopokea ina jibu la kutuma, na risiti hupandia humo humo badala ya kusafiri peke yake.

Sasa mwangalie hamali. Mwaka 1984 John Nagle, aliyekuwa Ford Aerospace, aliandika RFC 896 kuhusu tatizo la pakiti ndogondogo: mtu anabonyeza herufi moja, inaondoka pakiti ya baiti 41, ambazo 40 kati yake ni anwani na maelezo ya safari. Dawa yake ilikuwa rahisi: kama una mzigo mdogo na uliotangulia haujapata risiti, ngoja, huenda mzigo ukaongezeka. Kila kanuni peke yake ina akili. Zikutanishe sasa: hamali kashika nusu gunia, hasogei mpaka alama ya gunia lililotangulia itiwe, karani kashika kalamu, haandiki mpaka gunia la pili lipite. Wanatazamana. Kinachowaamua ni saa. Nagle mwenyewe amelalamika hadharani kuhusu ndoa hiyo, na lawama zaidi anaitupia saa ya karani.

Hatua ya 1: pima kabla ya kugusa chochote

Piga ping tatu: kwa ruta yako, kwa seva yoyote ya Nairobi, na kwa seva unayoilalamikia. Kwa Linux na Mac:

ping -c 20 192.168.1.1

Kwa Windows weka -n badala ya -c. Andika wastani, na uandike pia nambari ya juu kabisa. Ruta ikijibu kwa milisekunde nyingi na zinarukaruka, acha waifai, chomeka waya, umalize ubishi huo kwanza.

Umbali una bei yake. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kila kilomita 1,000 za njia zinakula milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na hakuna kifurushi kinachouza njia ya mkato. Sisi tuna bahati kebo zinatua mlangoni petu: SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy 2010. Lakini seva ikiwa Ulaya bado ni safari. Kwenye laini yangu seva ya London hujibu kwa 150 hivi siku ya kawaida. Kebo zikikatika, kama Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, data huzungushwa njia ndefu, ping inapanda, na hesabu ya hatua ya pili inapanda nayo.

Baada ya ping, tumia iperf3, programu ya kupima kasi, kama una kompyuta upande wa pili unayoweza kuiendesha. Kule unawasha iperf3 -s, huku unapima mara mbili:

iperf3 -c anwani -R -t 20
iperf3 -c anwani -R -t 20 -P 6

Ya kwanza inatumia muunganisho mmoja, ya pili sita kwa pamoja. Ikiwa mmoja unatambaa lakini sita zikijumlishwa zinajaza laini, laini yako ni nzima. Kinachobanwa ni muunganisho mmoja mmoja, na hatua zinazofuata ni zako. Ikiwa zote mbili zinatoa kasi ile ile ya chini, funga mwongozo huu umpigie simu aliyekuuzia intaneti. Vipimo vya kasi vya kwenye kivinjari hufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo, ndiyo maana vinakuonyesha 100 huku faili yako moja ikijikokota.

Hatua ya 2: piga hesabu ya dirisha

Mtumaji haruhusiwi kutuma bila kikomo kabla risiti hazijarudi. Kiasi anachoruhusiwa kuwa nacho njiani huitwa dirisha, na mpokeaji ndiye anayelitangaza. Ili laini ijae, dirisha lazima litoshe kasi ya laini mara muda wa kwenda na kurudi. Laini ya 100 Mbps na ping ya 150: 100,000,000 × 0.15 ni biti milioni 15, yaani karibu MB 1.9. Hizo zote ziwe baharini kwa wakati mmoja, la sivyo laini inakaa bure ikingoja risiti.

TCP ya asili ilitenga biti 16 kwa nambari ya dirisha, mwisho wake baiti 65,535. Zigeuze ziwe biti, uzigawe kwa 0.15, unapata 3.5 Mbps. Basi. Lipia 100, lipia 1,000, utapata tatu na nusu. Mwaka 1992 RFC 1323 ilileta njia ya kulikuza dirisha hilo mpaka karibu GB 1, na leo kila mfumo unakuja nayo ikiwa imewashwa.

Mbona basi nakusumbua nayo? Kwa sababu watu wanaizima kwa mikono yao. Kijana mmoja wa saiba kule Kisauni alitazama video ya kuongeza spidi, akanakili amri asiyoijua kwenye kompyuta zote nane, halafu miezi miwili akagombana na kampuni ya intaneti. Kila kompyuta ilikuwa ikishusha kutoka Ulaya kwa 3.4, 3.5, 3.4. Nilipoziona tu hizo nambari nilimwuliza: "Ni nani aliyekwambia uzime auto-tuning?" Akacheka kwa aibu. Auto-tuning ndiyo kazi ya Windows ya kulikuza dirisha.

Kwenye Windows tazama hivi:

netsh interface tcp show global

Mstari wa Receive Window Auto-Tuning Level usome normal. Ukikuta disabled au restricted, fungua cmd kama msimamizi:

netsh interface tcp set global autotuninglevel=normal

Kwenye Linux:

sysctl net.ipv4.tcp_window_scaling net.ipv4.tcp_rmem net.ipv4.tcp_wmem

Ya kwanza iwe 1. Kwenye tcp_rmem kuna nambari tatu: bafa (kumbukumbu ya kushikilia data kwa muda) ndogo kabisa, ya kuanzia, na kikomo. Kikomo mara nyingi ni 6291456, yaani MB 6, na Linux hutenga karibu nusu ya bafa kwa shughuli zake za ndani, kwa hivyo dirisha halisi ni kama MB 3. Kwa 100 Mbps na ping ya 150 hiyo inatosha na kubaki. Kwa 500 Mbps unahitaji MB 9.4 njiani, hapo ongeza:

sudo sysctl -w net.ipv4.tcp_rmem="4096 131072 33554432"

Gusa nambari ya mwisho peke yake. Ya kati ndiyo kila muunganisho unaoanzia nayo, na ukiipandisha kwenye seva yenye wateja elfu kumbukumbu nyingi inaweza kuliwa. Kama wewe ndiye unayetuma, fanya vivyo hivyo kwa tcp_wmem. Na kuna mtego: programu inayojiwekea ukubwa wa bafa kwa SO_RCVBUF au SO_SNDBUF inauzima ukuzaji wa Linux kwa muunganisho wake, na sysctl yako haitaigusa. Nimeona programu za chelezo (za kuhifadhi nakala) zenye sanduku la kujaza ukubwa huo. Liache wazi.

Hatua ya 3: itafute saa

Hii ni ya shughuli za ujumbe mfupimfupi: hifadhidata, programu ya mauzo, kitu chochote kinachouliza na kujibiwa. Dalili ni muda wa milisekunde 40 au 200 kwenye mtandao ambao ping yake ni 1.

Kwenye Linux:

sudo tcpdump -ni any -ttt port 5000

Badilisha 5000 iwe namba ya mlango wa programu yako. Alama ya -ttt huonyesha muda uliopita kati ya mstari na mstari. Kwenye Windows tumia Wireshark, inayoonyesha pakiti zikipita vivyo hivyo. Pale dukani nilichokiona, nikikifupisha na kuhesabu sekunde tangu mwanzo, ni hiki:

0.000 kaunta kwenda stoo, baiti 24
0.200 stoo kwenda kaunta, risiti tupu
0.200 kaunta kwenda stoo, baiti 310
0.201 stoo kwenda kaunta, jibu

Soma polepole. Baiti 24 ni kichwa cha ujumbe, 310 ni mstari wenyewe wa mali. Programu ilivituma kwa miito miwili, kisha ikakaa kungoja jibu. Stoo ilipokea kichwa bila kiwiliwili. Haina la kujibu, hivyo risiti ikawekwa saa. Kaunta ina kiwiliwili mkononi, lakini Nagle anaizuia mpaka risiti ya kichwa ifike. Saa ikaisha, risiti ikatoka, kiwiliwili kikaenda, jibu likarudi ndani ya milisekunde moja. Kisha mstari unaofuata, hadithi ile ile, mara 1,200.

Linux ina msaada mwingine mzuri. Amri ss -ti huorodhesha miunganisho na hali yake. Humo utaona rtt (muda wa kwenda na kurudi), cwnd (kiasi ambacho mtumaji anajiruhusu kuwa nacho njiani), idadi ya marudio, na ato, ambayo ndiyo saa ya risiti, kwa kawaida ato:40. Na nstat -az ina mstari wa TcpExtDelayedACKs: uusome, endesha kazi yako, uusome tena. Ukipanda kwa karibu idadi ya ujumbe uliotuma, umemshika mwizi.

Tahadhari moja iliyonipotezea siku nzima: mwanzoni mwa muunganisho Linux hutoa risiti papo hapo, haicheleweshi. Ukijaribu kwa ujumbe watano utaona kila kitu kinaruka. Jaribu kwa mamia.

Hatua ya 4: rekebisha, ukianzia kwa mtumaji

Dawa bora ni ya mwandishi wa programu: kusanya kichwa na kiwiliwili kwenye bafa moja, tuma kwa mwito mmoja. Gunia zima likipita, hamali hana cha kusubiri. Ikishindikana, washa TCP_NODELAY kwenye soketi (ncha ya muunganisho ndani ya programu), ambayo humnyamazisha Nagle kwa muunganisho huo peke yake. Karibu lugha zote za programu zina njia ya kuiwasha, na baadhi, kama Go, huiwasha zenyewe.

Programu ya pale dukani iliandikwa na mpwa wa mwenye duka. Nilimtumia picha ya ile mistari minne kwa WhatsApp, akabadilisha sehemu moja usiku ule ule. Kesho yake mistari 1,200 ilipita kwa sekunde tatu hivi. Mwenye duka akaniuliza kama nimemuongezea Mbps, na je, bili itapanda?

Kama programu si yako na mwenyewe hapatikani, ndipo umwendee karani. Kwenye Windows, fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\Tcpip\Parameters\Interfaces, tafuta folda yenye anwani ya IP ya kadi yako ya mtandao, tengeneza thamani ya DWORD iitwayo TcpAckFrequency, iwe 1, halafu uwashe kompyuta upya. Kuanzia hapo kila pakiti inapata risiti yake. Linux ina TCP_QUICKACK kwa soketi, lakini haidumu; kerneli, kiini cha mfumo, inaweza kurudi kwenye tabia yake ya zamani baada ya muda, kwa hivyo programu inapaswa kuiwasha tena kila inaposoma. Msimamizi asiyeweza kugusa programu anaweza kuiweka kwenye njia nzima kwa ip route, akiongeza quickack 1 mwishoni.

Usiweke hivyo kila mahali kwa sababu eti kasi ni nzuri. Risiti nazo zina uzito.

Hatua ya 5: ilinde njia ya kurudi

Hapa ndipo nyumba nyingi za Mombasa zinapoumia, na ndipo watu hawatazami kabisa.

Kushusha 100 Mbps kwa pakiti za baiti 1,500 ni pakiti kama 8,300 kwa sekunde. Risiti moja kwa kila mbili, kila risiti baiti 52, inafika karibu 1.7 Mbps za kupandisha, kwa risiti tu. Ukiwa na faiba yenye kasi sawa pande zote mbili huzioni. Ukiwa na laini inayoshusha 100 na kupandisha 5, ni theluthi ya njia yako. Mpe karani kuandika kila gunia na umezifanya 3.4.

Ongeza sasa simu moja ndani ya nyumba inayopeleka video za harusi kwenye hifadhi ya mbali. Upandishaji unajaa, ruta inaanza kupanga foleni. Bafa ya MB 1 mbele ya njia ya 5 Mbps ni foleni ya sekunde 1.6, na risiti zako zimesimama nyuma yake kama matatu nyuma ya lori Changamwe. Kule mbali mtumaji haoni risiti, hasogezi dirisha, na kushusha kwako kunakufa ingawa njia ya kushusha ni tupu.

Kujua ni rahisi: acha ping ikiendelea, kisha pandisha faili kubwa. Ping ikitoka 20 ikafika mamia au 1,600, ndiyo hiyo. Dawa iko kwenye ruta. Kwenye OpenWrt (mfumo huru wa ruta) sakinisha SQM, msimamizi wa foleni, chagua njia ya cake au fq_codel, weka kasi ya kupandisha iwe asilimia 85 hadi 90 ya uliyoipima. RouterOS 7 ya MikroTik nayo inazo zote mbili. Foleni inahamia kwako, ambako risiti ndogo hazingoji nyuma ya video. Kama ruta ni ya kampuni na imefungwa, ingia kwenye programu ya chelezo uipunguzie kasi, au uipangie saa nane za usiku.

Hatua ya 6: mwendo wa mtumaji

Hii fupi. Mfumo unaotuma ndio unaoamua ukanyage vipi pakiti zinapopotea. Linux imetumia kanuni iitwayo CUBIC kama chaguo lake tangu 2006, nayo hupunguza mwendo kila inapoona upotevu. BBR ya Google, iliyoingia kwenye Linux 4.9 mwaka 2016, hupima kasi na muda badala ya kuogopa kila pakiti iliyoanguka, na kwa seva inayohudumia watu wa mbali wenye laini za simu mara nyingi inasaidia:

sysctl net.ipv4.tcp_congestion_control

Itakuonyesha iliyopo. Kumbuka inagusa unachotuma peke yake. Kuweka BBR kwenye kompyuta yako hakutaharakisha kushusha sinema.

Na ile YouTube isiyokwama? Kwenye Chrome mara nyingi inapita kwa QUIC, utaratibu mwingine badala ya TCP, iliyopewa kanuni zake kwenye RFC 9000 mwaka 2021. Hiyo husafiri juu ya UDP, njia isiyo na risiti zake yenyewe, na hutoa risiti zake ndani ya programu, kwa saa yake, isiyozidi milisekunde 25 isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Hakuna sysctl wala regedit niliyoitaja hapa inayoigusa, kwa hivyo usiitumie kama kipimo.

Kubadilisha na kurudisha

Badilisha kitu kimoja, pima kwa amri zile zile za hatua ya kwanza, saa ile ile ya siku, ndipo uende kingine. Ulichoweka kwa sysctl -w kinapotea kompyuta ikizimwa, na hilo ni jema kwa wiki ya majaribio. Ukiridhika kiandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/. Regedit haisahau, kwa hivyo ukitaka kurudi nyuma ifute TcpAckFrequency uwashe upya. Mimi hubandika karatasi chini ya kibodi: tarehe, jina la kilichobadilishwa, thamani ya zamani, thamani mpya. Fundi atakayekuja baada yangu hatanijua, lakini kibodi ataigeuza.